Kitanda si mahali pa kufanyia hesabu

Kifungua mimba wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unauliza miaka ile ya kikundi nilikuwa nakunywa nini usiku, maana mawazo mabaya yanakukesha tangu mchumba wako aahirishe ndoa, na vidonge huvitaki.

Nilikunywa mchaichai, ndiyo. Lakini siyo ulionilaza. Uzuri wake ni kwamba hauna kafeini kama hiyo kahawa yenu ya ofisini. Ukiinywa saa kumi jioni, saa nne usiku karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini. Anza na hilo.

Kilichonilaza ni kuondoka kitandani. Nimekwambia tangu uko sekondari: kitanda si mahali pa kufanyia hesabu.

Fedha za kikundi zilipopungua, mweka hazina nikiwa mimi, mwenyekiti alisimama mbele ya wanawake wote akauliza bati letu jipya limetoka wapi. Bati! Limetoka kwenye machungwa ya baba yako, nusu ya Muheza iliyaona yakipakiwa. Basi usiku nikawa nalala namjibu yule mama. Nikipata jibu zuri, linakuja jingine kali zaidi, mpaka adhana ya alfajiri. Usiku mmoja nikachoka, nikawasha koroboi, nikaketi mezani, nikaandika nyuma ya kalenda kila jina na alicholeta, na chini yake kesho nimwendee nani. Bibi yako akatoka chumbani. Hakuuliza kitu, akavuta ungo akaanza kuchambua mchele. Nilipopiga miayo akasema, "Haya, sasa nenda." Nikaenda, nikalala.

Fedha zilipatikana, na unajua zilikuwa kwa nani. Radhi sijaombwa mpaka leo. Tukikutana msibani ananiita "shoga yangu", tena kwa sauti.

Mdogo wako nesi anasema wataalamu nao wanashauri hivyo: ukikaa kama dakika 20 macho makavu, toka, kaa penye mwanga hafifu bila simu, rudi usingizi ukija, na asubuhi amka saa ileile hata kama umekesha. Akanisomea na utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, wa 2018: walioandika kazi zinazowangoja walisinzia mapema kuliko walioandika walizokwisha kuzimaliza. Bibi yako angecheka.

Lakini mbona baba yako, hata mwaka ule shamba lilipoungua, akigusa mto tu anakoroma? Labda ni maumbile, na mimi najisifia kalenda bure. Hapana. Yeye hesabu zake aliniachia mimi. Kitanda si mahali pa kufanyia hesabu, na yeye hakuzifanyia popote.

Ila wiki zikipita na bado hulali, nenda hospitali. Hapo si pa mchaichai tena.

Kuhusu huyo kijana umesema nisiseme, nami sisemi. Baba yako anasema umvumilie, ana wadogo wa kusomesha. Huenda. Nataka kujua jambo moja tu: kuahirisha alikuambia kwa mdomo wake, au alimtuma dada yake? Nijibu, lakini nijibu mchana.

Mama yako