Maswali na Majibu: Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge

Askofu Mwoleka, ambaye wazee wa Ngara humtaja mara kwa mara, alikuwa nani?

Mhashamu Christopher Mwoleka alizaliwa mwaka 1927, akapewa daraja la upadre mwaka 1962, na mwaka 1969 akakabidhiwa Jimbo Katoliki la Rulenge, kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Aliliongoza hadi mwaka 1996.

Ni kweli kwamba alihamia kijiji cha ujamaa?

Ni kweli. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kuanza kutekelezwa, alikwenda kuishi katika kijiji cha Nyabihanga na kushiriki kazi na maisha ya wanakijiji. Nasisitiza kwamba alikwenda kwa hiari yake, ilhali katikati ya miaka ya 1970 wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa nguvu. Anayemsifu Mwoleka bila kutaja tofauti hiyo hawatendei haki wananchi hao, wala yeye mwenyewe.

Utatu Mtakatifu unahusianaje na ujamaa, kama alivyofundisha?

Hapa ndipo ulipo uzito wa maisha yake. Aliona kwamba Wakristo wameuzoea Utatu kama fumbo la kuumiza kichwa, wakati Mungu ametufunulia kwamba Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wanashirikiana uhai wote, ili nasi tuishi vivyo hivyo. Kwa hiyo anayekiri Utatu kanisani Jumapili, kisha Jumatatu akamwacha jirani yake na njaa, bado hajaanza kuukiri. Sijaona katekesi iliyo wazi zaidi ya hiyo, na inasikitisha kwamba haifundishwi sana.

Je, ndiye aliyeanzisha Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo?

Si peke yake. Jumuiya hizo, yaani vikundi vya waumini majirani wanaosali na kusaidiana, zilikuwa uamuzi wa pamoja wa maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika miaka ya 1970, naye alikuwa miongoni mwa watetezi wake wakubwa.

Mbona alistaafu kabla ya miaka 75?

Sheria ya Kanisa humtaka askofu aombe kung'atuka atimizapo umri huo, lakini inaruhusu ombi la mapema kwa sababu ya afya au sababu nyingine nzito. Mwoleka aling'atuka akiwa na miaka ipatayo 69, miaka miwili baada ya wakimbizi wa Rwanda kufurika Ngara, akabaki askofu mstaafu hadi alipofariki mwaka 2002. Nafasi yake ilichukuliwa na Mhashamu Severine Niwemugizi, na tangu mwaka 2008 jimbo hilo linaitwa Rulenge-Ngara.