Kabla hujaandika tena diklofenaki

Nilipoanza kazi, mama mmoja wa miaka 58 alikuwa akija kila mwezi analalamikia kiuno. Kila mwezi nami namwandikia diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Presha yake ikagoma kushuka, nikamwongezea dawa ya pili. Miezi minne ikapita ndipo nikang'amua kwamba presha ile naipandisha mwenyewe kwa mkono mmoja, kwa diklofenaki, na kuishusha kwa mwingine. Kumbe na vidonge vingine alikuwa akinunua duka la dawa. Sikuwahi kumuuliza.

Maumivu yakishapita miezi 3 tunayaita sugu, na hapo swali la "panauma wapi?" halitoshi. Muulize: "Mama, maumivu haya yamekuzuia kufanya nini?" Huyu alinijibu kwamba hawezi tena kuinama kufua, na msibani anaona aibu kuletewa kiti wenzake wakiwa mkekani. Liandike jibu hilo kwenye faili, maana ndilo utakaloanzia akirudi. Ile namba ya 0 hadi 10 ambayo mgonjwa hutaja kupima ukali wa maumivu, peke yake hudanganya: leo 8, mwezi ujao 8, kumbe ameshaanza kufua.

Lakini kwanza tafuta hatari: kukonda, homa za jioni, maumivu ya usiku yasiyotulia hata akilala, miguu kukosa nguvu, mkojo kutoka wenyewe. Huku kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, kwa hiyo usimwambie mtu "ni uzee" hujampapasa mgongo. Asiye na dalili hizo kwa kawaida hahitaji eksirei, hata akiiomba (na ataiomba).

Anayesema miguu inawaka moto, pima sukari na VVU, uliza dawa anazotumia. Amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku humsaidia, ila mweleze mapema kwamba dawa hii hutibu pia sonona, dozi hii ndogo ni ya maumivu ya mishipa ya fahamu, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Usipomweleza, ataambiwa mtaani kwamba umempa dawa ya wagonjwa wa akili, naye ataitupa.

Mama yule tulimwachisha diklofenaki, tukampa mazoezi na kutembea kidogo kidogo kila siku. Presha sasa anatumia dawa moja. Kiuno bado kinamuuma. Kliniki iliyopita alichelewa, akaniambia: "Nisamehe daktari, nilikuwa nafua."