Sensa za kupaki: zifunge mwenyewe, na uzifunge kwa ajili ya watoto

Baba mmoja kijana wa Morogoro ameniandikia wiki hii. Kanunua seti ya sensa za kupaki, zile nne za kufunga kwenye bampa la nyuma zinazokupigia mlio ukikaribia kitu wakati wa kurudi nyuma, na fundi wake kamwambia asithubutu kutoboa mwenyewe, bampa litapasuka. Anauliza: "Kaka, kweli kazi hii haifanyiki nyumbani?"

Inafanyika, mdogo wangu. Nimeifanya kwenye gari langu, nikaifanya kwenye gari la dada yangu, na Jumamosi iliyopita nimemaliza la jirani yetu hapa Tabata. Alipotia rivasi kwa mara ya kwanza, watoto wake walikuwa barazani wanapiga makofi kila mlio ulipobadilika. Mimi si fundi wa magari. Nimejifunza kwa kusoma, kupima na kuuliza, na nasema kwa fahari kwamba sensa nilizofunga mimi zinafanya kazi kuliko zile nilizowahi kulipia zifungwe.

Na hapo ndipo penye kidonda changu.

Mara ya kwanza tulipeleka gari gereji. Fundi alikuwa na haraka, magari mengine yanamsubiri. Alitoboa chini kabisa, karibu na ukingo wa bampa, eti zisionekane, gari libaki na sura yake. Umeme akauvuta kwenye waya wa taa ndogo za nyuma badala ya waya wa taa ya rivasi. Matokeo yake, mchana ukitia rivasi, kimya. Usiku mke wangu akiwasha taa tu, sensa nazo zinaamka. Yuko kwenye foleni Barabara ya Mandela, bodaboda inapenya nyuma yake, mlio. Daladala inamsogelea, mlio. Akifika nyumbani akarudisha gari uani, sensa zimeinamia ardhi kiasi kwamba zinasoma changarawe, basi ni mlio mmoja mrefu tangu mwanzo hadi mwisho. Niliporudi kulalamika, yule fundi alifuta mikono, akasema, "Bosi, hizi ndivyo zilivyo." Mke wangu akaizoea ile kelele kama mtu anavyozoea jenereta la jirani.

Jioni moja anatoa gari kinyumenyume kuelekea getini. Taa zinawaka, mlio unalia kama siku zote. Dada wa kazi akapiga ukelele kutoka jikoni. Mtoto wetu alikuwa ametoka kushuka kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu kufuata mpira, akaiacha baiskeli nyuma ya tairi la kulia. Usukani wa baiskeli ulikunjwa ukalala juu ya kiti chake. Ile baiskeli iko stoo mpaka leo, sijaitengeneza wala sijaitupa. Na yule fundi, niseme ukweli wa moyo wangu, sijamsamehe. Alituuzia kelele nasi tukadhani tumenunua ulinzi.

Ndiyo maana nikisoma matangazo ya sensa yanayozungumzia mikwaruzo ya bampa, huwa nasikitika. Mkwaruzo unapigwa rangi ukaisha. Marekani ilitunga sheria mwaka 2008 iliyopewa jina la mtoto wa miaka miwili aliyegongwa na gari la baba yake mwenyewe likirudi nyuma nyumbani kwao. Kwa sheria hiyo, tangu Mei 2018 kila gari dogo jipya linalouzwa kule lazima liwe na kamera ya nyuma. Magari tunayoendesha sisi hapa mengi ni yale ya Japani ya miaka ya 2000, na mengi yake hayana kamera wala sensa, na nyua zetu ndizo viwanja vya michezo vya watoto. Kwa hiyo tufunge wenyewe, na tufunge sawasawa.

Kwanza elewa kitu chenyewe kinavyofanya kazi, maana ukielewa hutadanganywa. Kila sensa inatoa sauti ya kama kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu haliisikii, kwa sababu letu linaishia kwenye kilohezi 20 hivi. Sauti inakwenda hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde, inagonga kitu, mwangwi unarudi. Kitu kikiwa umbali wa mita moja, kwenda na kurudi ni kama sehemu 6 za elfu za sekunde. Kisanduku kilichomo kwenye seti kinahesabu muda huo na kukupigia mlio. Basi kitu chochote kisichorudisha mwangwi, kwa sensa hakipo. Mtaro hauonekani. Waya za uzio hazionekani vizuri, wala nondo nyembamba iliyosimama. Nguo laini inanyonya sauti, na mtoto amevaa nguo. Ukuta utausikia mapema, mtoto utamsikia akiwa karibu zaidi. Liweke kichwani hilo.

Sasa kazi. Seti yangu niliinunua Kariakoo kwa Sh 45,000, ikiwa na sensa nne, kisanduku, skrini ndogo ya namba na kile kikombe chenye meno cha kutobolea. Hakikisha kikombe kimo na kinalingana na sensa zenyewe. Nyingi zinataka tobo la milimita 22, lakini zipo za 18 na nyinginezo, na tobo likizidi kidogo sensa itacheza, utaishia kuibandika kwa gundi.

Anza na umeme kabla hujagusa bampa. Fungua kitambaa cha ndani ya buti upande wa taa ya nyuma, utakuta waya zinazoingia kwenye taa. Usiamini rangi za waya, wala usiamini picha ya gari la mwenzako. Weka jiwe kwenye tairi, vuta handibreki, washa swichi bila kuwasha injini, mwombe mtu akanyage breki na kutia rivasi. Kwa testa, tafuta waya unaopata volti 12 rivasi ikiingia na kufa rivasi ikitoka. Halafu fanya jambo ambalo yule fundi wetu hakulifanya: washa taa ndogo, zima, kanyaga breki, achia, washa indiketa. Waya wako usibadilike hata kidogo kwa hayo yote. Ukipata unaosikiliza rivasi peke yake, huo ndio wa kuungia waya mwekundu wa kisanduku. Mweusi unakwenda kwenye bodi ya gari, kwenye bolti iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma kionekane. Kabla ya kuunga, zima swichi na uchomoe hasi ya betri. Maungio yawe ya kulehemu kwa risasi au ya klipu za kubana, yafungwe tepu ya umeme vizuri. Kusokota waya kwa vidole na kuondoka ni kumwachia mwenzako tatizo la masika.

Kuhusu kutoboa, ambako ndiko wengi mnakoogopa, shida haiko kwenye drili. Shida iko kwenye kupima. Lisimamishe gari mahali tambarare, matairi yawe na upepo wake, buti lisiwe na magunia. Pima kutoka ardhini, usipime kutoka ukingo wa bampa, kwa kuwa bampa nyingi zimepinda. Urefu mzuri ni kati ya sentimita 50 na 60. Chini ya hapo utasoma changarawe kama tulivyosoma sisi. Juu zaidi, mtoto anakuwa chini ya macho ya sensa. Mtoto wa mwaka mmoja akisimama ana kama sentimita 75, akitambaa ni nusu yake. Mimi naweka 50, mahali ambapo sura ya bampa haielekezi sensa chini. Sensa mbili za pembeni ziwe karibu na kona, hizo mbili za kati zigawane nafasi iliyobaki kwa usawa.

Kabla ya tobo la kwanza, ingiza mkono nyuma ya bampa, au bora ulifungue kabisa. Nyuma ya ile plastiki kuna boriti ya chuma, na sensa ina mkia unaohitaji nafasi. Jirani yangu alikuwa ameshaweka alama zake kwa kalamu, na moja ilikuwa imeangukia juu ya boriti kabisa. Tuliisogeza.

Bandika tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, juu ya kila alama. Toboa kitobo kidogo kwanza kwa biti nyembamba. Ndipo uweke kikombe, drili iwe kwenye mwendo wa polepole, bila ule mtikisiko wa kutobolea ukuta, na usiikandamize. Utaona nyuzi nyembamba za plastiki zinatoka zikijiviringa kuzunguka meno. Hizo ndizo dalili njema. Ukiona plastiki inang'aa na kunata, umekwenda mbio, inayeyuka, simama ipoe. Bampa halipasuki kwa utaratibu huu. Linapasuka likitobolewa kwa nguvu kwenye baridi la asubuhi na mtu anayeangalia saa. Safisha ukingo wa tobo kwa wembe, kisha sukuma sensa kwa vidole gumba viwili ukishika pembezoni mwake. Katikati usibonyeze, pale ndipo panapotetemeka. Na tazama nyuma ya sensa, kuna mshale au neno la kuonyesha upande wa juu. Kwenye gari letu la kwanza mbili zilikuwa zimepinduliwa.

Waya za sensa zinaingia buti kupitia kwenye ile raba ya sakafuni. Zipitishe mbali na bomba la moshi, na kabla ya kuingia zining'inie kidogo kwenda chini kisha zipande, ili maji ya mvua yadondoke huko nje. Soketi A, B, C na D zifuate mpangilio ulioandikwa kwenye kisanduku, kushoto kubaki kushoto, la sivyo skrini itakuambia kitu kiko kulia ilhali kiko kushoto. Waya wa skrini unapita chini ya zulia la pembeni mpaka dashibodini, kazi ya uvumilivu tu. Bampa likirudi, rudisha hasi ya betri.

Wengi wakifika hapo wanatia rivasi, wanasikia mlio, wanapiga picha, wanaweka kwenye kundi la WhatsApp. Hapana. Hapo ndipo kazi inapoanza. Gari lisimame, injini imezimwa, jiwe kwenye tairi, mwenzako ndani ameshika breki rivasi ikiwa imetiwa. Wewe chukua ndoo, usogee nayo kutoka mita mbili kuja kwenye bampa, umuulize skrini inasema ngapi, upime kwa futikamba. Rudia kila upande. Kisha weka ndoo chini kabisa, katikati ya sensa mbili. Kisha funika ndoo kwa kitenge. Kisha mdoli wa kitambaa. Kwenye gari langu ndoo tupu ilisikika mbali kabisa, ile yenye kitenge ikasikika ikiwa imekaribia mno, na mdoli aliyelazwa chini ya bampa hakusikika kabisa. Mke wangu alikuwa ndiye aliyeketi kwenye usukani, akashuka kuja kumtazama yule mdoli, hakusema kitu kwa muda. Tangu siku hiyo hatujabishana tena kuhusu nani azunguke gari.

Wazazi wenzangu, ninawaomba. Seti ya sensa si ruhusa ya kurudi nyuma kwa haraka. Mwendo wa kurudisha gari uani uwe wa mtu anayetembea taratibu, dirisha limeshushwa, redio imezimwa. Mlio ukianza, simama, usikisie. Ukiwa mrefu usiokatika, kitu kiko ndani ya sentimita 30 hivi, na hapo kisanduku chenyewe hakijui tena ni 30 au 5. Ukisikia mlio ambao huuelewi, shuka. Na sensa inayolia bila sababu itengenezwe leo leo, kwa kuwa kila siku unayoiacha unajifundisha kutoisikiliza. Inaweza kuwa tope tu, futa kwa kitambaa chenye maji. Inaweza kuwa ndoano ya kuvutia gari au tairi la akiba la nyuma linajitokeza mbele ya sensa. Inaweza kuwa rangi nene iliyopigwa juu yake. Wale wanaoosha magari kwa mashine ya presha, waambieni wasiielekeze mdomoni mwa sensa kwa karibu.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Morogoro, toboa. Ukishamaliza kujaribu kwa ndoo na kitenge, chora mstari wa chokaa uani pale mlio unapoanza, mwonyeshe mama watoto, mwonyeshe na dada wa kazi, na watoto wenyewe kama wameshaweza kuelewa. Kwetu, injini haiwashwi mpaka mtu mzima aseme kwa sauti watoto wote wako barazani na awe amewaona kwa macho, na anayesema hivyo si yule mwenye ufunguo. Niandikie sensa zako umeziweka urefu gani, na kitenge kilisikika umbali gani.