Nyumba ya wazazi na ndoa ya mapema

Mdogo wangu, nimekuelewa: chuo mmemaliza juzi, wazazi wenu hapo Tabora wana uwezo, wanagharamia harusi na kuwapa nyumba Isevya. Unauliza mfunge ndoa sasa au msubiri ajira.

Kufunga sasa si kosa. Kinachonitia hofu ni nyumba. Hati ina jina la nani? Ikibaki kwa jina la baba, si yenu. Mungu akimchukua, itaingia kwenye mirathi na ndugu zako watadai fungu lao, wakati ninyi mmeshajenga uzio na kuweka vigae. Mwombeni aihamishe angali hai: wakili aandae hati ya zawadi, kisha ofisi ya ardhi. Majina yenu mawili yakiandikwa, Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia mna hisa sawa hadi ithibitishwe vinginevyo. Likiandikwa moja, huchukuliwa ni ya huyo. Lizungumzeni kabla ya mahari.

Halafu pigeni hesabu ya mwezi, chakula, umeme, maji, nauli, kwa kipato chenu tu. Kisipofika hata nusu, sogezeni tarehe. Mzee anayewalisha atawapangia mengi. Notisi ya ndoa hutolewa siku 21 kabla, muda upo. Wazazi wakiwashinikiza kusaini chochote, mwoneni kwanza wakili asiye wa familia.