Ukifika Hardwick usianze na kamera

Wadogo zangu mnaoanza usanifu majengo huku Uingereza, lazima mtapelekwa kwenye nyumba za kale za mawe, na kama ni Hardwick Hall kule Derbyshire basi someni hii kabla hamjapanda basi. Mi siku ya kwanza nilipiga picha kama mia mbili, nikarudi hosteli nikachora, kila dirisha nikaliwekea chumba nyuma yake, nikajiona fundi kweli kweli. Mwalimu akaangalia ramani yangu akauliza kitu kimoja tu, moshi wa hii nyumba unatokea wapi? Nikabaki namtolea macho.

Iko hivi. Nyumba ilijengwa 1590 mpaka 1597, ramani inasemekana ni ya Robert Smythson, mwenye nyumba ni Bess of Hardwick, bibi tajiri aliyeolewa mara nne. Enzi hizo kioo bei yake haishikiki, sasa yeye akataka vioo kila upande hadi watu wakawa wanasema pale vioo ni vingi kuliko ukuta. Ukishautoboa ukuta wa nje namna hiyo, mabomba ya moshi unayapitisha wapi? Yamepitishwa kwenye kuta nene za ndani, na baadhi ya yale madirisha ni geresha tu, nyuma yake kuna bomba la moshi, yapo ili sura ya mbele ilingane kulia na kushoto. Yaani mi nilichora chumba cha kulala ndani ya bomba la moshi 😂

Kwa hiyo zunguka kwanza kwa miguu, hesabu mabomba juu ya paa, ndo uingie na futi yako upime unene wa ukuta kwenye kila mlango. Angalia pia madirisha yanavyorefuka ukipanda, chini ni watumishi, katikati familia, juu kabisa kumbi za wageni wakubwa (kwetu mgeni anaishia sebuleni karibu na mlango, ndo maana nilizisoma ghorofa kichwa chini). Herufi ES kwenye minara ni Elizabeth Shrewsbury, yaani Bess mwenyewe, hakuwa na aibu.

Halafu msikimbilie basi, pembeni tu kuna gofu la nyumba yake ya awali, paa hakuna, sakafu nyingi hakuna, sehemu za kuwashia moto zinaning'inia ukutani moja juu ya nyingine na njia ya moshi unaifuata kwa macho. Mi nililiona wiki ya tatu, nimesharudia asainimenti.