Maswali ya Lugha: Kitenzi "run" na maana zake nyingi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika shirika dogo la maendeleo mjini Moshi, na miongoni mwa kazi zangu ni kufasiri barua za wafadhili ili zisomwe kwenye mikutano ya vijiji. Wiki iliyopita nilikwama kwenye sentensi hii: "The water project will run for three years and will be run by the village committee, but we are running out of time." Shuleni tulifundishwa kwamba "run" ni kukimbia. Nilipofungua kamusi nikakuta maana nyingi mno, nikazidi kuchanganyikiwa. Je, kitenzi hiki kina maana ngapi, na mfasiri achague vipi? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Hukukwama kwa uzembe. Wahariri wa kamusi kuu ya Kiingereza ya Oxford walipokuwa wakiandaa toleo jipya, ilijulikana mwaka 2011 kwamba "run", kikiwa kitenzi tu, kimefikisha maana 645, na kwamba mhariri aliyekishughulikia, Peter Gilliver, alitumia takriban miezi tisa kwa neno hilo moja. Katika toleo la 1989 kitenzi kilichoongoza kwa wingi wa maana kilikuwa "set".

Hakuna anayezikariri maana hizo zote, na mfasiri hahitaji kufanya hivyo. Anachohitaji ni kujua zimetoka wapi. Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi "rinnan", kilichotumika kwa mtu anayekwenda mbio na pia kwa maji yanayotiririka, na kando yake kilikuwapo "ærnan", yaani kukifanya kitu kikimbie, hasa farasi. Uhusiano wa vitenzi hivyo viwili ulifanana na ule tulionao sisi kati ya kuenda na kuendesha. Baadaye tofauti ya umbo ikapotea na "run" ikabeba kazi zote mbili, ilhali Kiswahili kimeendelea kuzitenganisha kwa mnyambuliko. Kwa hiyo kabla ya kufasiri, jiulize swali moja: je, kitu kinakwenda chenyewe, au kuna anayekifanya kiende?

Kikienda chenyewe, Kiswahili hutaja namna ya mwendo wa kitu hicho: maji hutiririka, barabara hupita au huelekea mahali, basi hufanya safari kila saa, mkataba hudumu, rangi ya nguo huchuja, na mwenye mafua hutokwa na makamasi. Akiwapo mwendeshaji, yaani kitenzi kikifuatwa na kitu kinachotendwa, mara nyingi "kuendesha" hutosha, iwe ni duka, semina, mashine au programu ya kompyuta. Lakini si kila mara: "run a bath" ni kujaza maji ya kuoga, na "run a temperature" ni kuwa na homa.

Hapa ndipo ninapoona kosa linaloniumiza zaidi, maana kitenzi chetu cha kukimbia kikifuatwa na jina la kitu huwa na maana ya kukikwepa. Anayekimbia vita anaviepuka, na anayekimbia deni hataki kulilipa. Basi anayesema kwamba mwanasiasa fulani "anakimbia urais", akidhani anafasiri "run for president", anawaambia wasikilizaji kwamba mtu huyo anauogopa urais, wakati ukweli ni kwamba anaugombea. Waingereza wenyewe kwa jambo hilo husema "stand", yaani kusimama, na Wamarekani ndio husema "run". Sisi tuna kugombea na kuwania, maneno yanayojitosheleza kabisa. Vilevile usiseme kamati "inakimbiza" mradi. Mwenge wa Uhuru hukimbizwa, mgonjwa hukimbizwa hospitali, lakini mradi huendeshwa au husimamiwa.

Lipo kundi la pili, ambalo kitenzi huungana na neno dogo kikageuka kuwa kitenzi kingine. "Run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kukumbana na tatizo. "Run over" ni kumgonga au kumkanyaga mtu kwa gari. "Run down" ni kumsema mtu vibaya, au betri kwisha nguvu. Hapo kuchambua neno moja moja hakusaidii, sharti ujifunze kifungu kizima. Katika "run out of", Kiswahili kina njia mbili: mtu huishiwa sukari, au sukari humwishia mtu. Mimi huipenda zaidi njia ya pili pale kinachopungua ni muda, kwa sababu muda ndio unaokwenda, nasi tumekaa palepale.

Usishangae kwamba neno moja limebeba mizigo yote hiyo. Mgeni anayejifunza Kiswahili naye huuliza kwa nini tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga deki na tunapiga hodi, ilhali hakuna aliyeumizwa.

Sasa turudi kwenye barua yako. "Run" ya kwanza ni mradi unaokwenda wenyewe kwa kipindi fulani, ya pili ina mwendeshaji, na ya tatu ni kifungu. Ningeiandika hivi: "Mradi wa maji utadumu kwa miaka mitatu na utaendeshwa na kamati ya kijiji, lakini muda unatuishia."