Mshambuliaji wa timu 12
Swali: Shikamoo, mhariri. Mwanangu, mcheza kandanda hapa Malindi, ameachwa na klabu ya tatu. Je, kuhamahama ni dalili ya kushindwa?

Jibu: Marahaba, mama. Hata kidogo. Mike Sillinger wa Kanada, mshambuliaji wa hoki ya barafuni, alichezea timu 12 za NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, idadi ambayo hakuna aliyeifikia kabla yake, akafunga mabao 240 katika mechi zaidi ya 1,000. Huko klabu huweza kumbadilisha mchezaji kwa mwingine bila hata kumshauri, naye akafunga virago. Sifa kubwa ya Sillinger ilikuwa kuwahi kisahani kinachochezwa badala ya mpira, mwamuzi anapokidondosha kati ya wachezaji wawili walioinama, magongo yao yakigusa barafu. Mwanao naye aitafute timu inayokihitaji kile anachokiweza zaidi.